Herufi Tano za Ngong

Ndugu zangu wa Ngong, nanyi mliohamia Kitengela mkadhani tumewasahau, na jamaa wote wa Kajiado mjini: huku Uingereza kuna homa ya asubuhi isiyo na dawa. Watu wenye tai na mikoba huinamia simu zao wakisaka neno moja la herufi tano. Mchezo wenyewe ni Wordle, uliotungwa na Josh Wardle na kuwafikia watu Oktoba 2021. Ilipofika mwisho wa Januari 2022, gazeti la The New York Times lilikuwa limeshaununua kwa dola zisizopungua milioni moja. Una nafasi sita za kubahatisha. Herufi iliyokaa mahali pake huwa ya kijani, iliyomo lakini si pale ulipoiweka huwa ya njano, na isiyohusika huwa ya kijivu. Yaani ni abiria wa matatu ya 111: mmoja kakaa kiti chake, wa pili kakalia cha mwenzake, wa tatu alipaswa kupanda gari la Rongai.

Najua mtakavyosema: anayelipata neno hilo kila siku, huyo ndiye aliyebobea katika Kiingereza, na mtoto asiyeliweza aongezewe masomo ya ziada. Mimi nakana. Mei 2022 jibu la siku moja lilikuwa “homer”, neno la Wamarekani la mchezo wa besiboli. Waingereza, wenye lugha yao, hawakulijua. Walikimbilia kamusi ya Cambridge kwa wingi hata wenye kamusi wakalitangaza neno la mwaka. Miezi michache kabla ya hapo lilikuwa limekuja “favor”, bila ile “u” ambayo mwalimu yeyote wa Kenya angeidai kwa kalamu nyekundu; wakalalamika kana kwamba wameibiwa ng'ombe. Na si Wordle tu: kuna Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali hakizungumzi Kifaransa. Aliyakariri maneno kama mtu anayekariri namba za magari. Ikiwa bingwa wa lugha hawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo, basi kinachopimwa si lugha.

Mwingine atasema ni wivu, Mwafrika kashindwa sasa anausuta mchezo. Kashindwa lini? Mwaka huohuo wa 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimfunga Mwingereza Lewis Mackay 4–0 katika fainali ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza, na mojawapo ya maneno yake katika mchezo wa mwisho lilikuwa “felty”, alama 36. Hesabuni herufi zake.

Hoja yangu ni kwamba Wordle ni mchezo wa macho, na Waingereza wanauhitaji kwa sababu macho na masikio yao yalitalikiana zamani. Chukueni “cough”, “rough”, “dough” na “bough”. Yote ni ya herufi tano, yote yana mkia uleule wa herufi nne, lakini la kwanza ni kof, la pili raf, la tatu do, la nne bau. Maskini aliyekwisha kupata kijani nne za mwisho bado hajui hata neno lake linasikikaje. Sisi pia tunapenda urefu uliopangwa, tena tuliupenda kabla ya simu, ila kipimo chetu ni mizani, na mizani hupimwa kwa sikio. Kitengela ina herufi tisa na Kajiado saba. Kwa macho hazilingani. Zitamkeni: nne na nne. “Kitengela, Kajiado” ni kipande kamili cha mizani nane, nusu ya mshororo, bila mshairi kutoa jasho. Ngong sasa ndiyo kichekesho. Herufi ni tano barabara, lakini sauti ni tatu tu, ng', o, ng', na mizani ni moja inayofungwa na konsonanti, jambo ambalo Kiswahili hulionea haya. Ni jina lililotoka kwa Wamaasai, chemchemi ya kifaru, likavalishwa herufi na mgeni aliyeandika kwa macho.

Hapo mtaniuliza: kwani hatuwezi kuwa na mchezo wa herufi tano wa Kiswahili? Tunaweza, nakubali, na watoto wataufurahia. Ila herufi ya mwisho karibu kila mara itakuwa irabu, nazo ziko tano tu, kwa hiyo mchezaji anaanza na bakshishi. Halafu neno letu halikai kimo kimoja. “Soma” lina herufi nne. Likiwa “asome” ni tano. Ukiligeuza kidogo limekuwa “nitakusomea”, kumi na moja, na bado halijamaliza kukua. Utalifungia katika visanduku vitano kwa idhini ya nani?

Kitendawili hakina shida hiyo. Hakuna anayehesabu herufi; kinachotafutwa ni maana, na aliyeshindwa halipi kwa rangi ya kijivu bali hutoa mji mzima. Kwa hiyo jioni, umeme ukipotea, tegeni. Mkishindwa, toeni Rongai pamoja na foleni yake yote. Kiserian msiiguse, nyama ya pale tutaihitaji Desemba.