Sifa za Uchu wa Kuhesabu

Madaktari wa akili wanauita arithimomania, uchu usiozuilika wa kuhesabu kila kionekanacho, na vitabu vyao vinauweka katika fungu la maradhi. Uonevu mtupu! Sisi wa Mchinga, mkoani Lindi, tumeishi nao na tunajua fadhila zake. Hata vijiji vyetu vina namba, Mchinga Moja na Mchinga Mbili, na aliyeviita hivyo bila shaka alilala usingizi mnono.

Uchu huu hauna harufu, haulevyi, na unawapa riziki wauza madaftari. Lakini fadhila yake kuu ni tiba: tatizo likishahesabiwa, limepona. Kisima chetu kiliharibika pampu. Akaja kijana, akakipiga picha, akakipa namba. Akaja mwingine kuhakiki namba ile, na baada yake mwingine tena kumhakiki mhakiki. Leo kisima hicho kina afya tele kwenye makaratasi, kuliko hata visima vyenye maji. Akina mama bado wanakwenda mbali na ndoo zao, ila wanakwenda wakiwa wamehesabiwa, na hilo si haba.

Korosho nazo zilionja tiba. Novemba 2018 serikali ilitangaza kuzinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba, ukafuata uhakiki: nani ana shamba, nani ni kangomba, yaani mlanguzi wa korosho. Wakulima wengi walisubiri malipo miezi na miezi. Hapo utani unanikauka mdomoni. Mtu kakabidhi magunia, risiti anayo, halafu anaulizwa ana mikorosho mingapi! Gunia lilipopimwa mbona hakuulizwa?

Haya, turudi kwenye sifa. Mabingwa wa kuhesabu walikuwa Wajerumani wa Tendaguru, huko bara nyuma yetu. Kati ya 1909 na 1913 walichimbisha zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi mikubwa, dinosaria. Ikatiwa namba, ikafungwa, ikabebwa na watu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mizigo ilihesabiwa sawasawa. Majina ya wapagazi wengi hayajulikani.

Nanyi mtakaokuja msimu ujao na vishikwambi, karibuni. Namba ya kisima iko kwa mwenyekiti wa kijiji, nakilini hiyo hiyo. Safari hii mje na spana.