Dakika Tisini ni Nyingi

Wazee wa kijiweni wana hofu: vijana hawatazami tena mpira, wanatazama vipande vya sekunde 30 kwenye simu. Kweli kabisa. Lakini mtajie kijana huyohuyo mechi ya daraja la pili Finland. Atakwambia nani majeruhi, nani hupata kona nyingi, na kwa nini kipindi cha pili lazima bao liingie. Mkeka wa kubeti umemfundisha jiografia iliyomshinda mwalimu. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 watu walizirithi kwa baba, pamoja na ugomvi wa timu hizo. Kijana huyu harithi timu. Anaipenda saa mbili tu, na mkeka ukichanika anamtukana kipa ambaye hata jina hawezi kulitamka.