Mlembe Aliyekula Mshumaa

Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya majivu, asiye na manyoya ya kujivunia, lakini warina asali wanamthamini kuliko tausi. Yeye anajua nyuki waliko, ila hawezi kufungua mzinga. Mtu ana shoka na moshi, ila hajui nyuki waliko. Basi mlembe humfuata mtu, akapiga mlio kama kiberiti kinachotikiswa, akaruka hadi mti wa mbele, akatua, akangoja. Mtu akikaribia, huruka tena. Mwisho wa safari mtu hupata asali, na ndege hujipatia nta, kwani nta ni mojawapo ya vyakula vyake.

Mwaka 1588 padre mmoja Mreno, João dos Santos wa shirika la Wadominiko, alikuwa Sofala, bandari ya dhahabu ambayo kabla ya Wareno ilikuwa chini ya masultani wa Kilwa. Aliandika kwamba kuna ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani mwake na kudonoa mishumaa ya nta. Akaeleza pia jinsi ndege huyo anavyowaongoza watu kwenye asali. Hayo yamo kitabuni mwake. Yanayofuata nimeyatunga mwenyewe, kwa sababu tangu nisome habari za ndege yule hajanitoka moyoni.

Mlembe wa kwanza aliingia kwa ufa wa ukuta akitafuta kivuli. Akaona altare, akaona mishumaa, akaonja. Ilikuwa nta safi, isiyo na nyuki wa kumchoma wala binadamu wa kumngoja. Kesho yake alimleta dada yake, na mwezi haukwisha kabla ukoo mzima haujahamia kwenye boriti za paa.

Hawakuacha kuita. Hili nataka lieleweke, maana hawakuwa ndege wabaya. Kila alfajiri walijipanga juu ya paa na kuita kwa bidii, tena vizuri kuliko walivyoita porini. Walikuwa na wa sauti ya juu na wa sauti ya chini. Jioni wazee walikutana kuhesabu: leo tumeita mara ngapi, jana mara ngapi. Hesabu ilipanda kila wiki, nao wakashukuru.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Mrina mmoja alipita chini ya kanisa na shoka begani, kienge cha majani makavu mkononi, na nyuma yake binti wa miaka saba hivi aliyekuwa akitafuna jani ili mdomo usikae bure. Alisikia mlio. Akasimama, akainua uso, akangoja ndege aruke.

Hakuna aliyeruka.

Aliendelea kungoja mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni pake. Mlio ulikuwa ule ule alioujua tangu utoto, mlio unaosema nifuate, lakini hapakuwa na wa kufuatwa. Akamshika mtoto mkono, wakaenda zao. Siku ya pili alipita tena. Siku ya tatu alipita peke yake.

Kwenye kikao cha jioni kijana mmoja aliuliza habari za mtu yule. Mzee akamjibu, "Sisi tumeita, mwanangu. Asiyetaka kusikia, dhambi haiko juu yetu." Wote wakaitikia, wakashuka kwenye mishumaa.

Usiku huo alikuja Kigong'ota.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo ukoo wa milembe haupendi lisemwe. Mlembe hajengi kiota. Mama hutaga kwenye shimo la ndege mwingine, kama kigong'ota, kisha huenda zake. Kinda lake huanguliwa na ncha kali mdomoni, na kabla halijafumbua macho huwa limewaua makinda wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye hulilisha mpaka linaota mabawa.

Kigong'ota alitua kwenye boriti karibu na yule kijana. Alikuwa amezeeka, manyoya ya kifua yamemtoka.

"Unanijua?"

"Nakujua, mama."

"Katika shimo langu nilikuwa na wanangu watatu. Ulipotoka, walikuwa wangapi?"

Kijana alifunika uso kwa bawa. Boriti nzima ilinyamaza.

"Sikuja kukudai wao," Kigong'ota alisema. "Hawarudi, na mimi nilikwisha kukusamehe siku ile ile nilipokuletea mdudu. Nimekuja kwa sababu nimemwona mwenye shoka. Leo mtoto hakuweza kutembea. Na wewe unajua mbuyu wenye nyuki uko wapi."

Sisi tuliolelewa kanisani tumezoea kusema tunakwenda kuwapelekea watu Injili, kama tajiri anayepeleka sadaka kwa maskini. Paulo, alipowaandikia Warumi, alijiita mdeni: mdeni wa Wagiriki na wa wasio Wagiriki, wa wenye hekima na wa wasio nayo. Mtu huyu alikuwa amewatesa Wakristo, akasamehewa, akapokewa na ndugu zao. Naamini ndiyo maana hakuweza kukaa. Kila aliyesamehewa ana kiota alichokiharibu na mkono uliomlisha, na anayelikumbuka hilo hamwendei mwenzake kwa majivuno.

Alfajiri kijana hakupanda kwenye paa. Aliruka chini chini hadi uani kwa mrina, akatua juu ya uzio, akaita. Mrina hakuinuka, alikuwa amekwisha kudanganywa siku tatu. Kijana akaruka hadi mti wa kwanza, akageuka, akaona hafuatwi, akarudi uziani. Alirudi mara nne. Mara ya tano mtu aliinua shoka.

Njiani mrina alikanyaga mwiba, akaketi kuutoa. Ndege alingoja tawini. Mrina aliingia bondeni asionekane, ndege akarudi nyuma kumtafuta. Safari ambayo kwa mabawa ni ya dakika chache iliwachukua asubuhi yote, kwa sababu mmoja wao alikuwa anatembea kwa miguu, tena mwenye njaa.

Kwenye mbuyu kienge kilitoa moshi, shoka likalia, nyuki wakamchoma mrina shingoni na mikononi. Ndege alikaa kando kimya. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu, wala ndege asingeiweza hata angeimba mwaka mzima. Masega ya kwanza yalifungwa kwenye majani kwa ajili ya mtoto. Kipande kimoja kiliwekwa juu ya jiwe, mahali peupe.

Kijana alikionja. Kilikuwa na moto wa jua, harufu ya moshi na majana ndani yake. Akakumbuka kwamba mshumaa haukuwahi kuwa na harufu yoyote.

Wachache walimfuata kesho yake. Wengi walibaki kwenye boriti, na hesabu ya miito ikaendelea kusomwa kila jioni.

Hadi leo, katika misitu ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao wakienda kurina huanza wao kumwita mlembe kwa mlio wa brrr-hm. Naye huja, akatangulia, akangoja.