Ngoma Zimefika London, Mimi Nimefika Ngagara

Shangazi, Baba Mdogo, dada zangu na wote mnaosomewa barua hii barazani pale Ngamiani,

Niyajibu kwanza maswali yenu: Ngagara hakuna theluji, na kontena la vyombo haliji. Ughaibuni wangu unafikika kwa basi, na ziwa la hapa mjini ndilo hilo hilo wanaloogelea watu wa Kigoma. Mtaa wenyewe uko kaskazini mwa Bujumbura. Wabelgiji ndio walioujenga, miaka ya 1950, na wazee bado wanauita OCAF kwa jina la ofisi iliyojenga nyumba hizi. Vitongoji vyake vina namba. Mtu anakuuliza unakaa ngapi, nawe unataja tarakimu kama mfungwa.

Sasa habari kubwa. Ule ugonjwa wangu wa muziki haukupona kwa kuvuka mpaka. Umezidi.

Kwa wale waliokuwa wakikumbuka ghafla kwenda sokoni kila nikianza kuieleza pawapopu: ni nyimbo za dakika tatu zenye magitaa ya kung'aa, waimbaji wanaopandisha sauti pamoja, na kijana aliyekataliwa na binti wa jirani. Pete Townshend wa The Who alilitumia jina hilo mwaka 1967. Raha yake ni kwamba mafundi wake wengi hawakusikika. Big Star wa Memphis walitoa santuri yao ya kwanza mwaka 1972, wakaiita namba moja kabisa, kisha wasambazaji wakashindwa kuifikisha madukani. Mimi nikisikia kisa kama hicho silali. Najua Baba Mdogo atasema baada ya bendi ya Atomic Jazz hakuna gitaa. Nakubali, lakini tuendelee.

Juzi nilikuwa nafukua binamu za pawapopu, bendi za London za mwanzo wa miaka ya 1980. Nikawakuta Adam and the Ants, nikawakuta Bow Wow Wow. Magitaa sawa. Lakini chini ya magitaa kuna ngoma, ngoma nzito za kupanda na kushuka, na nikaona ajabu: ngoma hizi nazisikia hapa kila kukiwa na sherehe! Nikafuatilia mpaka umeme ukakatika. Ukarudi, nikafuatilia tena.

Kumbe mwaka 1967 wataalamu wa Kifaransa walikuja Burundi wakawarekodi wapiga ngoma. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja, Michel Bernholc, akajiita Mike Steiphenson, akapandisha piano na magitaa juu ya rekodi ile, akaiita Burundi Black, nayo ikaingia chati za Uingereza. Joni Mitchell akaichukua rekodi ya ngoma zile kwa santuri yake ya 1975. Halafu Malcolm McLaren, mpika fitina wa Sex Pistols, akalipwa pauni 1,000 na Adam Ant ampe ushauri. Ushauri ukawa ngoma za Burundi. Alipomaliza kushauri akamnyang'anya bendi yote, akaunda nayo Bow Wow Wow. Adam naye akatafuta wenzake wapya, akaweka wapiga dramu wawili, na Kings of the Wild Frontier ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1981. Hesabuni wenyewe: Mfaransa kala, mshauri kala, Adam kala. Aliyebeba ngoma kichwani tangu mwanzo hata jina lake halimo kwenye lebo.

Nilishindwa kukaa na siri hii. Nikamfuata mama mwenye nyumba, aliyekuwa uani akichambua ndagala, nikamwonyesha video ya Adam kwenye simu. Akatazama kimya. Kisha akauliza:

"Huyu muzungu puani ana kidonda?"

"Hapana, Mama, ni rangi. Mapambo."

"Na ngoma wanabebaje kichwani, na suruali za ngozi hizo?"

Nikamwambia hawabebi. Akasonya. Akaniuliza, inkiranya iko wapi? Hiyo ndiyo ngoma ya katikati, inayowaongoza wenzake; ibishikizo zinaifuata, amashakwe zinashikilia mapigo yasiyobadilika. Akanionyesha kwa vijiko juu ya masufuria matatu, na wallahi mikono yake ilimshinda Adam, dramu zake mbili na mshauri wake wa pauni elfu. Inafaa mjue kwamba amri ya rais ya Oktoba 2017 inakataza wanawake kupiga ngoma hizi, na ukitaka kuwaalika wapigaji kwenye shughuli yako kuna kibali, tena kuna faranga 500,000 za hazina. Mama anasema masufuria hayakutajwa kwenye amri.

Kwa haki, si kila Mwingereza alichukua rekodi tu. Mwaka 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD kule Shepton Mallet, Echo & the Bunnymen walipanda jukwaani na wapiga ngoma wenyewe kutoka Burundi. Nimeisikiliza hiyo mpaka jirani wa ukuta wa pili akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Sasa ombi. Bow Wow Wow walitoa wimbo wao wa kwanza kwa kaseti, unaowasifu watoto wanaorekodi nyimbo bila kununua, na upande wa pili wakauacha mtupu ili mnunuzi arekodi chake. Aliyekuwa akiiuza ni kampuni kubwa ya rekodi! Nikakumbuka sanduku la kaseti chini ya kitanda cha Shangazi. Mle naamini mna Jamhuri Jazz, na nikipata bahati mna Sunburst, wale vijana wa Dar waliopiga roki miaka ya 1970 na ambao London waliwakumbuka mwaka 2016 kwa kuwatolea santuri upya. Naomba zifungwe vizuri, apewe kondakta wa basi. Na Baba Mdogo, tafadhali, usirekodi tena mpira wa Coastal Union juu yake. Ile mechi tulifungwa.