Njia za Mkato za Rubani Mvivu

Sogea karibu nikunong'oneze. Harusi ya ufukweni imekwisha, droni imeruka, wageni wote wameinua shingo kukutazama, na wewe umejisikia. Haki yako. Sasa magharibi imeingia, una betri nne begani na huna hamu ya kazi yoyote. Sitakugeuza kuwa mtu wa nidhamu. Nitakuonyesha kazi zipi ukwepe, na zipi ukizikwepa utaunguza nyumba.

1. Usichaji leo. Hakuna njia ya mkato inayoizidi hii. Watu wengi wakifika nyumbani huchomeka betri zote ili ziwe tayari. Tayari kwa lini, na kazi nyingine iko wiki mbili mbele? Seli ya lithiamu polima ikijaa inasimama kwenye volti 4.2, na ikikaa hapo siku nyingi kemikali za ndani zinaharibika, ukinzani unapanda, gesi inajikusanya na pakiti inavimba. Joto la Dar es Salaam la Februari linaharakisha yote hayo. Lakini seli hiyo hiyo ukiiacha kwenye volti 3.8 au 3.85, yaani karibu nusu, inatulia miezi. Basi ukitua na chaji ya nusu umeshamaliza. Nenda kaoge. Utachaji usiku wa kuamkia kazi.

2. Tua mapema, na uifanye ionekane heshima. Bibi harusi atakwambia "bado moja tu, kaka". Droni ikionyesha volti 3.5 kwa seli ikiwa hewani, ishushe, kisha mwite aje aone jinsi alivyopendeza kwenye kioo. Hakuna anayekataa kujiangalia, na hakuna atakayejua kwamba umetua kwa ajili ya betri. Seli ikipumzika itapanda kidogo yenyewe. Ukiilazimisha ishuke chini ya volti 3.0 unaijeruhi. Ikizama zaidi ya hapo, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na siku ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipo pake. Matokeo ni shoti ndani ya pakiti, mahali ambapo mkono wako haufiki.

3. Mvua imenyesha, shughuli imeahirishwa, na betri zote zimejaa pomoni. Hapa ndipo uvivu unapohitaji akili.

Kama droni yako ni ya kamera, zile zenye betri za kisasa, angalia kitabu chake kwanza. Betri nyingi za aina hiyo hujishusha zenyewe zikikaa siku kadhaa bila kazi, hadi kama asilimia 60. Ziache zijishughulikie, ila mahali penye hewa, sio ndani ya begi kwenye gari lililoanikwa juani.

Kama ni droni ya mbio, pakiti yake haina akili ya namna hiyo, hivyo akili utoe wewe. Chaja nzuri ina sehemu ya kuweka betri akiba: chomeka plagi kubwa ya njano na ile ndogo nyeupe, bonyeza, subiri. Chaja ndogo hushusha polepole, wati 5 au 10 tu. Pakiti ya seli nne yenye mAh 1500 ina nishati ya Wh 22, kwa hiyo kwa wati 5 kuipunguza hadi nusu kutakula saa mbili na ushee. Ukiwa nazo nne, jioni yako imekwenda.

Ndiyo maana nakupa siri ya duka la spea. Nunua balbu ya indiketa ya lori, volti 24, wati 21, uiungie plagi ya njano kwa risasi. Ya volti 12 inafaa pakiti ya seli tatu. Kwenye seli nne zilizojaa itapokea karibu volti 17 na haitadumu. Ilaze balbu juu ya kigae, maana inapata moto wa kuunguza kidole. Kwenye plagi nyeupe weka kile kipima volti kidogo chenye kengele, ukiseti 3.75, kwa sababu seli inayofanya kazi husoma chini kidogo ya hali yake halisi. Kaa karibu. Kengele ikilia, chomoa papo hapo, usingoje wimbo uishe.

Ya haraka kuliko zote ni kuirusha. Ielee mita mbili juu ya uwanja mtupu kwa dakika chache, na utapata tena watazamaji.

4. Ukichaji, chaji kwa kasi ya pakiti yenyewe: mAh 1500 ni ampea 1.5. Itachukua kama saa moja. Betri iliyotoka angani ikiwa moto ipumzike kwanza mpaka ipoe mkononi. Ichajie kwenye sakafu ya kigae, mbali na kochi na godoro, na ndoo ya mchanga iwe jirani. Na usilale. Nakuruhusu kuzembea kila kitu kwenye mwongozo huu isipokuwa hapa: pakiti ikishika moto huchukua sekunde, na moshi wake ni sumu. Najua unapenda vifaa vyako, lakini ndani ya nyumba hiyo wamelala watoto.

5. Sasa ile iliyovimba. Unaijua, ile unayoisukuma kwa dole gumba mpaka iingie. Bado inaruka, ndiyo, na inakutia moyo. Istaafishe leo. Ipeleke nje, juu ya mchanga, iunge kwenye balbu ndogo na uiache mpaka balbu izime kabisa, halafu uiache hapo hapo mpaka kesho. Usiitoboe. Usiitumbukize kwenye maji ya bahari pia, ingawa bahari iko jirani na kila mtu atakushauri hivyo: chumvi hula vichwa vya nyaya, na chaji inaweza kubaki ndani huku ukidhani imekufa. Usiitupe jalalani, kwa kuwa jalala huchomwa. Mpelekee anayekusanya taka za umeme. Humo ndani mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kule Kongo, pande za Kolwezi, kwa jasho la watu. Inastahili kurudi kiwandani.

6. Safari ya ndege. Betri za akiba zipande nawe kwenye mkoba wa mkononi, vichwa vyake vimezibwa kwa utepe. Chini ya Wh 100 kwa kawaida hazina shida. Mkaguzi akikuuliza na lebo haisemi, zidisha volti kwa ampea-saa mbele yake: 14.8 mara 1.5 ni 22.2. Atakuona mtaalamu, na utapita.