Familia ya Sinki

Mpwa wangu ana usaili Jumatatu, ofisi ya wasanifu majengo hapa Dar. Wiki nzima anakariri: Autodesk iliinunua Revit, programu ya kusanifu majengo, mwaka 2002, kiwango cha ISO 19650 kikaanza kutoka 2018. Jana bibi yake alimsikia barazani akinong'ona "familia, familia", akaanza kuulizia mahari. Kumbe katika Revit familia ni mlango. Ni dirisha. Hata sinki la jikoni lina familia, tena yenye vigezo vinavyoeleweka, si kama yetu.

Kajifunza pia Navisworks, namna ya kulikamata bomba linalopenya boriti wakati jengo lingali kwenye kompyuta. Elimu nzuri hiyo. Sisi wengine bomba tumezoea kuligundua zege likishakauka, fundi kashika patasi.

Nami nilisailiwa hivyo hivyo zamani. Nikajibu yote, kuanzia faili za IFC mpaka modeli za LOD 350, wakanipa kazi. Siku ya kwanza nikakabidhiwa michoro ya AutoCAD niichape kwenye karatasi za A1, saiti wanasubiri.

Mjomba, wakikwambia uulize swali, uliza hili: leseni ya hiyo Revit mnayo?