Mwongozo wa Mgeni Nchini Panem

Suzanne Collins aliifungua nchi hii mwaka 2008 kwa riwaya ya The Hunger Games, na tangu hapo vijana huingia makundi kwa makundi bila kuelezwa taratibu. Panem iko mahali palipokuwa Amerika Kaskazini. Ina mji mkuu, Capitol, unaokula, na wilaya 12 zinazolisha. Ile ya 13 usiiulize mbele za watu.

Wengi hudhani hatari iko uwanjani, kwenye mapanga na mishale. La, huanzia mezani kwa karani. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Hupatikana kwa kura, na kura, utaambiwa, haina upendeleo. Ukiwa na miaka 12 jina lako linaingia mara moja, ukifika 13 mara mbili, hadi mara saba kwa miaka 18. Mpaka hapo mwana wa tajiri na wa maskini wako sawa. Ndipo unapoulizwa kama nyumbani kuna unga. Ukisema hakuna, utapewa posho ya mwaka ya nafaka na mafuta ya mtu mmoja, haba kwelikweli, na jina lako litaongezwa mara moja. Ruhusa kuchukua kwa kila mtu wa nyumbani. Mwaka ukiisha majina hayafutwi.

Katniss Everdeen, mwindaji wa kuibia katika Wilaya ya 12 yenye migodi ya makaa, kila mwaka amechukua posho yake, ya mama na ya mdogo wake. Ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, wa nyumba ya watu watano, ana miaka 18: mara 42. Chukua kalamu uhakikishe. Dhuluma iliyopigiwa hesabu safi namna hii ni adimu riwayani. Kisha kura inamwangukia Prim, mdogo wa Katniss, ambaye jina lake limo mara moja tu. Dada mtu anajitolea kwenda badala yake.

Ukifika uwanjani, usishuke jukwaani kabla ya sekunde 60; pametegwa mabomu. Silaha zilizorundikwa katikati waachie watoto wa Wilaya za 1, 2 na 4, waliofunzwa kuua tangu wadogo. Kimbia, tafuta maji. Nyigu wa huko walitengenezwa maabara, hivyo mzinga usiuguse, isipokuwa adui wamelala chini yake.

Zaidi ya yote, pendeza. Zawadi za wadhamini hushuka kwa parashuti, na hakuna anayemtumia mtu wa kuchosha. Peeta, mvulana wa Wilaya ya 12, mwana wa mwoka mikate, alilijua hilo: alitangaza mapenzi yake kwa Katniss kwenye televisheni kabla ya pambano. Katniss hajui kama anampenda, lakini akimbusu hushuka chungu cha mchuzi wa moto. Hapo nawe msomaji ujichunge. Ukijikuta unahesabu mabusu na umesahau maiti, umeshapata uraia wa Capitol.

Ukishinda, utapewa nyumba nzuri na chakula, kisha kila mwaka utapanda treni na watoto wawili wapya uwafundishe kutokufa. Haymitch, mshindi wa zamani wa Wilaya ya 12, ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na anakunywa. Ukitaka ushauri wake, mwamshe kwa kummwagia maji, kisha ruka nyuma haraka: hulala na kisu mkononi.